Viatu vya Harambee

Mamangu alikwangua chumvi Gongoni. Kazi yenyewe ilikuwa kusimama ndani ya madimbwi tangu asubuhi, kuikusanya chumvi na kuibeba kwa karai kichwani hadi penye lundo. Chumvi ile haina adabu: hula ngozi ya kiatu, ikimaliza hula ya mguu. Yeye alivaa akala, zile ndara za mpira wa gari, na nyayo zake zilikuwa na mipasuko ya kuficha punje ya mahindi. Baba alikuwa amekufa. Nayasema haya kama yalivyokuwa. Sitaki huruma, huruma nilikwisha kuipata ya kutosha, na nitaeleza niliipata wapi.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilifaulu mtihani wa darasa la saba, nikapata nafasi katika shule ya bweni. Karo hatukuwa nayo. Shule zikifunguliwa kabla haijapatikana, nafasi ingekwenda kwa mwingine, nami ningekwenda kwenye chumvi. Ndipo wazee wa kijiji wakaitisha harambee ya kunichangia karo.

Mamangu aliichukulia harambee ile kama arusi. Alisema mwanawe hatasimama mbele za watu pekupeku, akaenda Malindi akaninunulia viatu vyeusi vya mtumba. Vilikuwa vikubwa, akajaza sufi kwenye ncha. Nilipovivaa nilijiona nimekuwa mtu.

Tulipofika uwanja wa shule, mwenyekiti wa kamati alitupokea vizuri. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, lakini macho yake yalikuwa miguuni pangu.

"Mama, mvue mtoto viatu," alisema. "Mwenye viatu hachangiwi."

"Nimemnunulia kwa ajili ya leo, bwana."

"Najua. Utamvisha kesho, inshallah."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameendesha harambee nyingi na alijua mkono wa mtu huingia mfukoni kwa sababu gani. Mama alinivua mwenyewe, akavifunga ndani ya leso, akaketi navyo mapajani. Mimi nikasimamishwa juu ya benchi, juani, ili hata wa nyuma waione miguu yangu.

Halafu akaletwa jogoo. Tulimtoa sisi, maana hatukuwa na kingine cha kutoa. Desturi ya harambee ni kwamba jogoo hunadiwa, anayemnunua humrudisha, akanadiwa tena na tena mpaka mifuko ichoke. Mamangu hakuijua desturi hiyo. Alikulia ndani huko kwenye mashamba ya mihogo, na hii ilikuwa harambee yake ya kwanza. Mnunuzi alipopaza sauti, "Namrudisha!", mama alidhani jogoo wake amekataliwa. Aliinuka upesi kwenda kumchukua, leso ikafunguka, na kiatu kimoja kikaanguka mbele ya meza ya mgeni rasmi.

Watu walicheka. Mgeni rasmi alikiokota, akaitazama miguu yangu, akauliza, "Hiki cha nani?"

Mwenyekiti alianza kutoka jasho. Nilijua, pamoja na utoto wangu, kwamba jibu moja lingenipeleka shule na jingine lingenipeleka Gongoni. Mama naye alijua.

"Cha jirani," alisema. "Amenituma nimpelekee kwa fundi."

Mamangu hakuwa mtu wa uongo. Alitufundisha kwamba njia ya mwongo ni fupi, na akitufumania tunadanganya hakuwa na mchezo. Siku ile aliinama, akakipokea kiatu kwa mikono miwili, na jogoo akaendelea kunadiwa. Tulinadiwa wawili, jogoo na mimi, na jogoo alikuwa na nafuu, kwani angalau alikuwa na manyoya.

Karo ilipatikana. Viatu nilivivaa bwenini mpaka vikatoboka, na mimi na mama hatukuvitaja tena. Niliona aibu, na hasira, na shukrani, zote kwa watu wale wale. Hadi leo sijaweza kuzitenganisha.

Miaka ya themanini ilipokaribia kwisha nilipata kazi Malindi, katika wakfu mdogo uliosomesha watoto wa maskini. Ndiyo kazi niliyoifanya mpaka mvi zikanitoka. Hafla yangu ya kwanza ya kuchangisha ilikuwa Sabaki, kwa ajili ya msichana mmoja aliyekosa karo. Nilimwalika mama, akaketi safu ya nyuma. Wafadhili walipokwisha kunywa chai, mkubwa wangu alininong'oneza, "Mlete yule msichana mbele. Asipoonekana, hawatoi."

Msichana alikuwa ameketi na mamake, amepakwa mafuta mpaka anang'aa. Nilimwambia abaki pale pale. Nikaenda mbele mwenyewe, nikawaambia wafadhili kwamba wakitaka kumwona mtoto aliyechangiwa, wanitazame mimi, na kwamba nilisimamishwa juu ya benchi bila viatu ilhali viatu nilikuwa navyo. Mkubwa wangu alinuna. Wafadhili walitoa, si sana, lakini msichana alikwenda shule. Tangu siku hiyo, katika kazi yangu yote, sikumsimamisha mtoto mbele ya mtu.

Tulirudi na mama kwa miguu hadi njia kuu. Alikuwa akitazama chini.

"Hivyo viatu ulivyovaa ni vya nani?" aliuliza.

"Vyangu, mama."

Tulitembea kidogo.

"Na vile pia vilikuwa vyako," alisema.