Bastola Katika Nyumba ya Mtu Mmoja

Niliomba leseni ya bastola kwa sababu ya mke wangu. Naanza na hilo kwa kuwa watu wengi, akiwemo binti yangu, walidhani niliiomba kwa sababu ya dhahabu.

Nilikuwa na mashine za kusaga mawe kule Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu. Wachimbaji walileta mawe yao kwenye magunia, mashine ikayasaga mpaka yakawa unga, unga ukaoshwa, na mwenye bahati akaondoka na punje ndogo ya dhahabu imefungwa kwenye karatasi. Mimi nililipwa kwa kusaga tu. Dhahabu sikuwa nanunua wala kuuza. Lakini ukirudi nyumbani Suna kila jioni na pikapu iliyojaa vumbi la Osiri, nani ataamini kwamba hukubeba kitu?

Wezi walikuja tukiwa mezani, taarifa ya habari ikiendelea. Vijana watatu, wawili na panga, mmoja na bunduki. Yule wa bunduki alimwekea mke wangu mdomo wa chuma chini ya sikio, akaniuliza dhahabu iko wapi. Nikamwambia hakuna. Akauliza tena, kwa sauti ya chini zaidi, na hapo ndipo niliogopa kweli. Mke wangu ndiye aliyeongea.

"Mwanangu," alisema, "hakuna dhahabu hapa. Chukua televisheni."

Wakachukua televisheni, simu zetu, na viatu vyangu vya kanisani. Hawakumpiga. Lakini tangu siku hiyo mke wangu hakulala tena. Alikuwa anakaa kitandani na leso mabegani, akisikiliza lango. Mbwa wa jirani akibweka, ananishika mkono. Nilibadilisha kufuli, nikaongeza ukuta, nikaweka taa kila pembe ya boma. Haikusaidia. Alikonda mpaka nguo zikawa zinamning'inia.

Ndipo nikaenda kuomba leseni. Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyofikiria. Barua ya chifu, alama za vidole, daktari wa kupima akili, safari za Nairobi, mafunzo ya kulenga shabaha nikiwa na umri wa kuitwa babu. Afisa aliyenihoji alikuwa mtu mpole, lakini hakunizungusha.

"Mzee, uelewe jambo moja," aliniambia. "Hii si haki yako. Ni ruhusa. Serikali inakupa, na serikali inaweza kuichukua."

"Na usingizi wa mke wangu," nikamwuliza, "huo ni haki ama ni ruhusa?"

Akainama akaendelea kuandika.

Siku niliyoileta nyumbani, fundi alikuwa ameshafunga sefu ya chuma ukutani, ndani ya kabati la nguo. Mke wangu hakutaka kuishika wala kuiona. Aliuliza swali moja tu, kama sefu imefungwa. Nikamwambia imefungwa. Akajifunika, akalala. Alilala mpaka jua likaingia kupitia pazia, mdomo wazi, kama mtoto. Nilikaa kwenye kiti nikimtazama, chai ikapoa mkononi. Sijawahi kujuta kwa ajili ya asubuhi ile, na binti yangu anajua.

Tuliishi hivyo miaka michache. Kisha kisukari kikampata, kikamzidi, na tukamzika upande wa nyuma wa boma, karibu na migomba yake. Watu walijaa. Waimbaji wa kanisa waliimba hadi sauti zikakwaruza. Baada ya wiki moja viti vya kukodi vilirudishwa, hema likakunjwa, na nikabaki mimi, nyumba ya vyumba vinne, na bastola ya leseni.

Jambo ambalo sikulifikiria nilipokuwa naomba leseni ni hili. Bastola haiwezi kuachwa katika nyumba isiyo na mtu. Mke wangu alipokuwa hai, nilikuwa natoka bila wasiwasi, maana nyumba ilikuwa na mtu. Sasa nikitoka, nyumba ni tupu, na wale waliokuwa wametuingilia mara ya kwanza hawakuwahi kushikwa. Wakivunja na kuchukua bastola yangu, wataenda kuiweka chini ya sikio la mke wa mtu mwingine, na ile namba iliyochorwa kwenye chuma itarudi kwangu. Kwa hivyo nilikuwa na njia mbili tu. Nibaki nyumbani nayo, ama nitembee nayo.

Nilianza kwa kutembea nayo, kiunoni, chini ya koti. Joto la Migori na koti haviendani, na watu wana macho. Kanisani mzee wa kanisa alinivuta kando kabla ya ibada.

"Jaduong', mzee wangu," alisema kwa heshima, "tumeambiwa unayo. Tunaomba usiingie nayo mbele ya madhabahu."

"Niiweke wapi? Kwa gari? Nikupe wewe?"

Alirudi nyuma hatua nzima niliposema nimpe yeye. Wakaniwekea kiti cha plastiki kwenye veranda, karibu na dirisha. Nilisali hapo Jumapili kadhaa, nikisikia mahubiri nusu na pikipiki za barabarani nusu. Halafu nikaacha kwenda.

Jirani yangu mmoja alikuwa anakuja kila jioni tucheze drafti barazani kwa vizibo vya soda. Alikuwa mtu wa kelele, akila kete yako anapiga meza na kucheka mpaka watu wa barabarani wanageuka. Siku moja niliinama kuokota kizibo, koti likapanda, akaona. Alimaliza mchezo, nikamshinda kwa urahisi, jambo ambalo halikuwa kawaida. Kesho yake hakuja. Nilipokutana naye dukani nilimwuliza.

"Omera, ndugu yangu, mbona umenipotea?"

"Si wewe," alisema, akitazama mkate aliokuwa ameshika. "Lakini tukicheza, tunabishana. Na mimi nikibishana, natukana. Sasa nitakutukanaje?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Binti yangu ni muuguzi mjini Homa Bay, chumba cha upasuaji. Ana wasichana wawili. Mwaka wa kwanza baada ya mazishi alikuja nao likizo ya Agosti. Yule mdogo alinikimbilia langoni, akanikumbatia kiunoni kwa mikono yake yote, kisha akasimama akipapasa, akaniita babu kwa lugha yetu.

"Kwara, hii ngumu ni nini?"

Mama yake alikuwa nyuma yake na begi. Alimvuta mtoto kwa bega, polepole. Walilala siku moja tu badala ya wiki waliyopanga. Asubuhi wakati wa kuondoka aliniambia, akiwa ameshashika mlango wa gari, "Baba, mimi nakupenda. Lakini watoto wangu hawatalala tena katika nyumba yenye hiyo kitu."

"Imefungwa kwa sefu. Nina leseni."

"Wale ninaowashona pia, wengine walipigwa risasi na watu wenye leseni."

"Na mama yako alikuwa halali, ulitaka nifanye nini?"

"Mama hayupo, Baba."

Nilifunga lango baada ya gari kuondoka. Sikumpigia simu kwa muda mrefu, na yeye hakunipigia. Sote wawili tulirithi ubishi kutoka mahali pamoja.

Hivyo nikaingia katika maisha ya kukaa. Mashine za Osiri nilimwachia mpwa wangu. Niliamka, nikafungua redio, nikapika chai, nikaketi barazani nikitazama lango. Kuna wiki ambazo sauti pekee niliyoisikia karibu nami ilikuwa ya mama anayepitisha maziwa, na yeye alikuwa anaacha chupa nje. Nilianza kuongea na redio. Mtangazaji akisema habari za asubuhi, namwitikia.

Ilikuwa kupitia redio hiyo ndiyo tulirudi kuzungumza. Asubuhi moja stesheni yetu ya lugha ya Dholuo ilikuwa na mjadala. Mwanasiasa fulani alikuwa amefyatua risasi hewani kwenye mkutano, na swali likawa kama raia waachwe na silaha ama zikusanywe zote. Mmoja alipiga simu akasema zikusanywe, hata za wenye leseni, maana risasi haisomi leseni. Mwingine kutoka upande wa Kuria akasema serikali iliwahi kuwanyang'anya walinzi wao wa mifugo bunduki, na wezi wa ng'ombe wakaja mwezi uleule. Mwanamke mmoja akasema kwake bunduki ya mume haijawahi kumtisha mwizi, imemtisha yeye.

Nilijaribu namba yao, ikaingia. Mtangazaji akasema, "Tuna mzee kutoka Suna, karibu." Nilikuwa nimejipanga niongee juu ya sheria, masharti, na jinsi mwenye leseni anavyochunguzwa. Badala yake nilisikia mdomo wangu ukisema, "Mimi niliipata ili mke wangu alale. Akalala. Sasa amekufa, na mimi siwezi kutoka nyumbani." Mtangazaji akaniambia pole, akaweka wimbo.

Sijakaa hata, simu ikalia.

"Baba, nimekusikia," binti yangu alisema. Nyuma yake nilisikia vyombo vya chuma vikigongana. Walikuwa wanasikiliza redio kazini. "Kwa nini hukuniambia hivyo mimi?"

"Uliniuliza juu ya bastola. Hukuniuliza juu ya kulala."

Nikawa nasikia vyombo tu. Nilijua analia kwa sababu hajawahi kulia kwa sauti. Kisha akanieleza jambo ambalo hakuwa amenieleza. Siku chache kabla ya ile likizo ya Agosti, walikuwa wamemletea mwanamume aliyepigwa risasi na ndugu yake juu ya mpaka wa shamba. Bunduki ya halali, mtu wa heshima, hasira ya dakika moja. Yule ndugu ndiye aliyemleta hospitalini, akiwa ameloa damu ya nduguye, akiwaambia madaktari wamwokoe. Hawakuweza. "Nilipoona mtoto ameshika kiuno chako," alisema, "nilimwona yule ndugu aliyeloa damu."

Hatukukubaliana siku hiyo. Nilimwambia bado naamini mtu aliyewekewa bunduki mezani kwake ana haki ya kujikinga, na akasema naye bado anaamini anachoamini. Lakini tulikuwa tunaongea.

Mjukuu wangu mkubwa alikuwa ameingia shule ya bweni kule Asumbi, na siku ya wazazi kutembelea ilikuwa inakaribia. Alimtuma mama yake aniombe nije. Nilifikiria wiki nzima. Asubuhi ya siku yenyewe nilipitia kituo cha polisi, nikaomba waniwekee bastola mpaka nirudi. Askari wa kaunta alitoa risasi, akahesabu, akaniandikia, akaifungia.

Niliendesha nikapita Rongo, nikaelekea Asumbi, na mkono wangu haukutulia. Kila kilomita chache ulikuwa unashuka kiunoni kutafuta. Nilijisikia kama mtu aliyetoka bila suruali.

Shuleni wazazi walikuwa wametandaza leso kwenye nyasi, kuku na chapati kila mahali. Mjukuu wangu alinitokea kutoka upande, amerefuka, sketi ya shule ikimpwaya. Kwa miaka ile nilikuwa nimejifunza kukumbatia watu kwa bega moja, nikiugeuza upande wa kulia mbali nao. Nilianza kugeuka hivyo, halafu nikakumbuka hakuna kitu cha kuficha. Nikamkumbatia mbele. Alininusa akasema, "Kwara unanuka moshi kama zamani." Mama yake alikuwa anakata kuku, hakuinua macho, lakini nilimwona amesimamisha kisu.

Jioni nilirudi kituoni nikaichukua. Nasema hilo kwa sababu binti yangu alitumaini nitaiacha. Nilirudi nayo nyumbani, nikaifunga kwenye sefu, nikaketi kitandani. Kabati lilikuwa wazi. Nguo za mke wangu bado zilikuwa zinaning'inia mbele ya sefu, kwa vile sikuwa nimezigawa. Ndipo nilielewa kwamba nilikuwa nailinda bastola kama sehemu ya vitu vyake. Ilikuwa kitu cha mwisho nilichomfanyia kikamsaidia.

Leseni ilipokaribia kuisha sikuiomba tena. Nilipeleka bastola na risasi zote kituoni, nikasaini, nikapewa karatasi. Afisa aliniuliza kama kuna aliyenilazimisha. Nikasema hapana. Aliniuliza kama nimebadilisha mawazo juu ya silaha. Nikamwambia sijui, na hiyo ndiyo ilikuwa kweli, na bado ndiyo kweli. Wiki ile pia niliwaita dada za mke wangu, wakaja wakagawana nguo.

Desemba binti yangu alikuja na watoto wote wawili, wakakaa mpaka baada ya Krismasi. Walikimbia katika vyumba vyote. Tulichinja mbuzi. Jirani wa drafti sikuweza kumwita, alikuwa amehamia kwa mwanawe Kisumu, na meza ya vizibo ilikuwa imeliwa na mchwa. Kanisani nimerudi, nakaa ndani, ingawa watu wa benchi langu la zamani walishazoea kukaa bila mimi, na wakiniona wanasogea kwa adabu kama kwa mgeni.

Nyumba bado ni ya mtu mmoja. Mbwa wakibweka nasikiliza lango, sasa mimi ndiye ninayekaa na blanketi mabegani. Kila jioni giza likianza, simu inalia kutoka Homa Bay.

"Baba, umefunga mlango?"

"Nimefunga."

"Na lango?"

"Nimefunga pia."

"Enda uangalie tena, nangoja."

Nami huinuka nikaenda, simu mkononi, nikatikisa kufuli karibu nayo ili asikie chuma kikilia, kisha nikamwambia ni sawa, alale.