Makumbusho ya Wanaonyonya

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa mtu mwema mwenye Kiswahili cha kuokoteza mikutanoni, na siku zile nilimlaumu kwa mambo mengi yasiyomhusu. Sukari ikikosekana kwenye duka la kijiji, nilimlaumu yeye. Mvua ikichelewa, nilimkodolea macho yeye. Nilikuwa mkali hivyo kwa sababu nilikuwa na hofu, na hofu ikikaa muda mrefu ndani ya mtu hutafuta wa kumwangukia.

Mume wangu alikuwa vitani. Aliondoka na wenzake wa mgambo wakati mimba yangu haijaonekana hata kwa majirani, na sasa binti yetu alikuwa anatambaa, anasimama kwa kushika ukuta, anaangusha kila kinachoangushika. Redio ya dukani ilikuwa imeshatangaza zamani kwamba adui ameshindwa. Siku ya tangazo hilo tulipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Kisha tukangoja vijana warudi. Wengine walisema wamebaki Uganda kulinda amani, wengine walisema maneno ambayo sikuyasikiliza hadi mwisho. Kwetu hakikufika chochote.

Asubuhi moja balozi akasimama uani kwetu, kofia mkononi. Mama mkwe wangu alikuwa anapepeta maharage, mimi nafua.

"Jumamosi watoto wanaonyonya na wanaotambaa wapelekwe Ngara mjini," alisema. "Kuna makumbusho. Ni bule kabisa, selikali imesema."

"Makumbusho ya nini?" mama mkwe akauliza.

"Makumbusho," balozi akasema tena, polepole zaidi, akitumaini labda neno litajieleza lenyewe. Halikujieleza. Akavaa kofia yake akaenda.

Nikamfuata kwa macho. Kijiji chetu, upande wa Ntobeye, kilikuwa cha zile nyumba tulizohamishiwa, zimepangwa mstari mmoja kando ya barabara, kiasi kwamba ukikohoa jirani anakupa pole. Balozi aliiruka nyumba ya jirani, akairuka inayofuata, akaenda kusimama kule mwisho wa mstari, kwa mwanamke mwenzangu ambaye mumewe naye alikuwa vitani. Hakubisha hodi kwingine. Leo naweza kulieleza jambo hilo bila taabu: waliokwenda vitani walikuwa vijana, na vijana ndio wenye watoto wachanga. Siku ile nilichokiona ni kwamba wameitwa watoto wa askari.

Nyumbani tulisema Kihangaza. Kiswahili kilikuwa cha shule, cha soko, cha ofisini na cha kanisani, na kila mmoja wetu alikuwa nacho kwa kadiri ya mahali alipokiokota. Mama mkwe alikiokota kanisani.

"Wewe umesoma," akaniambia, ungo ukiwa bado magotini. "Hilo neno ni nini?"

"Sijalisikia, mama."

"Kukumbuka si unakujua?"

"Nakujua."

"Na misa ya kumbukumbu?"

Misa ya kumbukumbu kila mtu aliijua. Ni ya marehemu, padri husoma majina na wenye marehemu wao huinamisha vichwa. Nikaikamua nepi niliyokuwa nayo mkononi, nikaikamua tena, haikuwa na maji. Nilitaka kumwambia kwamba huenda ni jambo la kliniki, kupima uzito, chanjo. Lakini kliniki tuliijua kwa jina lake, na balozi angelitamka vizuri tu. Tena hili neno la bure lilinitia wasiwasi zaidi. Serikali wakati ule haikuwa na kitu cha kugawa, hata sabuni tulikuwa tunaisikia tu. Kama imeamua kuwaita watoto wachanga kwa gharama yake, basi kuna deni inalolipa, na deni la namna hiyo nililijua ni la aina gani.

Yule mwenzangu wa mwisho wa mstari alikuja jioni, macho mekundu. Kumbe naye alikuwa amepiga hesabu zilezile.

"Wameona haya kutuambia sisi," alisema. "Wanawaita watoto ili sisi tuwabebe."

Nilimkasirikia kwa kulisema jambo hilo vizuri namna ile.

Zile siku za kungoja Jumamosi sikuzipenda hata kidogo. Maziwa yalipungua, mtoto akawa analia na kuning'ata. Nikipika, chakula kinaungua. Nikienda kwenye shamba la ujamaa, napalilia mistari ya wenzangu na kuacha wangu. Nilikuwa nakataa kuamini, lakini nilikuwa nakataa kwa nguvu mno, na mtu asiye na shaka hahitaji nguvu zote zile. Mama mkwe hakukataa wala hakulia. Ijumaa nilirudi kutoka kisimani nikamkuta ameketi nyuma ya nyumba, amenyolewa kichwa chote, wembe uko mkononi mwa jirani.

Kwetu mama hanyoi kichwa kwa kubahatisha, hunyoa akishafiwa na mwanawe. Niliweka ndoo chini, nikamwambia jirani aondoke, nikamwambia kwa ukali ambao sikuwa na haki nao.

"Hujaambiwa lolote, mama," nikasema.

"Nimeambiwa," akasema. "Wewe ndiye hujasikia."

Jumamosi tuliondoka alfajiri, mimi na mtoto mgongoni, mama mkwe, na yule mwenzangu na mwanawe. Tulivaa kama watu wanaokwenda msibani. Njiani tulikutana na wanawake wengine wenye watoto, wengi hatukuwafahamu, na kwa jinsi walivyokuwa kimya nikaelewa kwamba neno lilikuwa limefika vijijini kote kwa sura ileile. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Tulisalimiana tu, shikamoo kwa wakubwa, na kuendelea kupanda mlima.

Mjini tulielekezwa kwenye ukumbi wa mikutano. Mlangoni alisimama bibi maendeleo, msichana wa wilaya yetu, ndiyo kwanza karudi kutoka mafunzoni Dar es Salaam. Alikuwa anacheka. Nilimtazama yale meno yake nikasema moyoni, huyu hana mzazi.

"Karibuni mama zangu, karibuni. Wawekeni watoto chini, msiwabebe."

Ndani sakafu ilikuwa imetandikwa mikeka mitupu. Katikati vilipangwa vitu vya kale: ngoma kubwa na ngoma ndogo, vibuyu vya maziwa, mitungi, kengele za ng'ombe, njuga, majembe ya wahunzi wa zamani, vazi la magome ya mti, na mirija mirefu ile wazee wanayonywea pombe ya ndizi. Nilivitazama vitu hivyo kimoja kimoja. Vyote vilikuwa vya watu waliokwisha kufa. Tuliketi tukiegemea ukuta pande zote, watoto mapajani, hakuna aliyemweka mwanawe chini.

Bibi maendeleo akashangaa. Akatuomba mmoja wetu aanzishe wimbo, wowote, watoto wachangamke. Kisha mama mmoja wa kijiji cha Kirushya, mtu mzima, akaanzisha wimbo wa kuwaombea marehemu, nasi tukaupokea kwa sauti ya chini. Bibi maendeleo akapiga makofi kidogo kufuata mdundo, akidhani ni wimbo wa kubembelezea. Halafu maneno yakamfikia. Mikono yake ikabaki hewani.

Nikasimama. Sikuwa nimepanga kusimama, ila nilikuwa nimechoka na nilikuwa na hasira, na nikaona afadhali jambo hili limalizike.

"Ndugu," nikasema, "tuambie tu. Wamekufa wote, au baadhi?"

"Akina nani, mama?"

"Waume zetu."

Alitutazama mmoja mmoja, nguo zetu, kichwa cha mama mkwe, na nikaona uso wake unavyobadilika. Akaketi chini mkekani na sketi yake nzuri, akaanza kutueleza. Alisema huko Dar es Salaam kuna nyumba kubwa ya kutunzia vitu vya kale, nyumba hiyo ndiyo inaitwa makumbusho. Asubuhi za siku fulani akina mama huruhusiwa kuingia na watoto wao wachanga bila kulipa. Watoto huachwa watambae, hupigiwa ngoma, hupewa vitu wavishike, wakue wakivijua. Yeye aliyaona hayo akayapenda, akasema kwa nini watoto wa Ngara wakose. Akaomba vitu hivi kwa wazee, akatuma maneno kwa mabalozi.

"Si msiba," alisema. "Ni mchezo. Ni mchezo wa watoto, mama zangu."

"Na waume zetu?" akauliza yule mwenzangu.

"Sina habari zao. Hayo hayapitii kwetu."

Wapo waliocheka, wapo waliolia, na wapo waliofanya yote mawili. Mimi nilitaka kumkumbatia msichana yule na nilitaka kumzaba kofi. Nilikaa chini, na binti yangu, alipoona nimelegea, akateleza kutoka mapajani akatambaa moja kwa moja hadi kwenye ngoma kubwa. Akaishika ukingo, akasimama, akaipiga kofi. Ikalia. Akashtuka, akaketi kwa makalio, akanigeukia kuuliza kwa macho kama kafanya kosa. Nikatikisa kichwa kwamba hapana. Akainuka akaipiga tena.

Baada ya hapo ukumbi haukuwa wetu tena. Wale watoto walivamia kila kitu. Mmoja aliunyonya mrija wa pombe kwa bidii hata mama yake akaona aibu. Mwingine alijiviringisha na lile vazi la magome akalala. Walifungwa njuga miguuni, wale wanaojua kutembea, wakawa wanakanyaga ili wasikie, kisha wanasimama, kisha wanakanyaga. Bibi maendeleo akaanza wimbo mwingine, wa Kihangaza safari hii, wimbo wa kumchezesha mtoto magotini ambao sote tuliimbiwa, na tukauitikia. Nilicheka. Nakumbuka nilicheka, na ndani ya kicheko hicho nilikuwa bado nasikiliza kama kuna mtu anakuja mlangoni na karatasi.

Mama mkwe peke yake hakuimba. Alikaa ukutani, kitambaa alichojifunga kimeteleza, kichwa kinang'aa, anavitazama vile vitu katikati ya mikeka.

Tulipokuwa tunarudi nilimsemesha kwa furaha kubwa kuliko niliyokuwa nayo. Nikamwambia unaona, mama, hakuna aliyekufa, nywele zitaota. Alitembea mbele yangu mpaka tukauacha mji nyuma. Kisha akaketi kwenye majani kando ya njia, na hapo ndipo nilipomwona analia kwa mara ya kwanza tangu mwanawe aondoke.

"Nilikuwa nimemaliza," alisema. "Nilikuwa nimeshamzika, nimepata kulala. Sasa mnataka nianze tena kungoja. Mimi siwezi. Ngoja wewe."

Yule mwenzangu alitazama pembeni. Binti yangu alikuwa usingizini mgongoni, amechoka na ngoma, na nilisikia pumzi zake shingoni.

Mama mkwe alishika neno lake. Tangu siku ile hakumtaja tena mwanawe kama mtu aliye hai. Jembe la mwanawe alimpa mpwa wake. Nikisema akirudi, yeye huondoka kwenda kuangalia moto. Nilimchukia kwa hilo, nalisema wazi, kwa sababu kungoja pamoja na mtu ni kazi nzito lakini kungoja pembeni ya mtu aliyeacha ni kazi nzito zaidi. Kila siku alinionyesha kwamba inawezekana kuacha. Nami kila siku nilizidi kuogopa kwamba yeye mama mtu anajua, na mimi ndiye ninayejidanganya.

Mume wangu alirudi. Sitaki kukuweka roho juu kama nilivyowekwa mimi. Alirudi mchana mweupe, kwa miguu kutoka barabarani, mfuko begani, amekonda hadi nikamjua kwa mwendo kabla ya sura. Nilikuwa namenya ndizi. Nilisimama na kisu mkononi. Binti yangu, aliyekuwa anakimbia sasa, alimwona mwanamume mgeni anaingia uani, akaja kujificha kwenye nguo zangu na kuangua kilio.

Mama mkwe akatoka akasimama mlangoni. Mume wangu akamwendea hatua kidogo kisha akasita, labda kwa namna alivyotazamwa. Jeshi lilikuwa limemzoesha Kiswahili.

"Shikamoo, mama," akasema.

Hakuitikia. Alimpita kwa macho, akanitazama mimi.

"Mkamwana," akaniuliza, "na wewe unamwona?"

"Namwona, mama."

"Na mtoto?"

"Ndiye anayemlilia."

Akamsikiliza mtoto akilia, akasikiliza muda. Kisha akamgeukia mwanawe, akaitikia marahaba.