Fundo la Turubai

Mlima wa kutoka Kipevu kupanda Changamwe siupandi tena nikiwa juu ya baiskeli. Nashuka pale chini, naushika usukani, nasukuma. Vijana wanaonipita huniambia, mzee, baiskeli humbeba mtu, wewe waibeba wewe. Nawaacha. Hawasikii ninachosikia. Nikisukuma, nasikia baiskeli ya pili nyuma yangu, mnyororo mkavu usiotiwa mafuta, karibu sana na gurudumu langu. Nikigeuka hakuna mtu. Nikiendelea, yupo.

Tulikuwa wawili, mimi na mtani wangu. Kazi yetu ilikuwa ya kutwa, kufunika mizigo ya malori kwa turubai na kuikaza kamba. Mimi shule niliiacha darasa la nne, yeye alifika la saba, lakini kamba haikuulizi cheti. Siku za kazi baiskeli zilitupeleka na kuturudisha. Jumapili tulishindana nazo hizo hizo, mabaiskeli ya chuma yenye keria nyuma, hadi Miritini na kurudi. Yeye alitushinda sote, kisha tukamkuta ameketi kando ya barabara anakula muwa, kama mtu ambaye hakutoka popote.

Jioni baada ya kazi hakuna aliyekuwa na nguvu za mashindano. Tulishika malori. Kila mwenye baiskeli wa kwetu aliijua njia hiyo: unangoja trela lililojaa, linalopanda likiguna, unadaka kamba inayoning'inia nyuma, linakuvuta hadi juu. Sharti lilikuwa moja tu. Kamba hushikwa kwa mkono, haifungwi, ili mambo yakiharibika ufungue vidole, basi.

Siku ile ukanda wa chuma wa robota ulikuwa umemchana mtani wangu kiganja cha kulia. Akasema tusukume, mkono haushiki. Mimi nilikuwa na njaa, na uvivu pia, nisijifiche. Lori lilikuwa limesimama mbele yetu kwenye foleni. Nikamwambia nitamfungia kamba kwenye usukani, fundo la kuvuta, akitaka kujitoa avute ncha tu liachie.

Akacheka. "Haya mtani, nifunge kama mbuzi wa Idi."

Nikafunga. Mikono yangu ilikuwa imefunga turubai tangu asubuhi, lori baada ya lori, na macho yangu yalikuwa yanatazama foleni ikianza kusogea. Mikono ikafunga lile ililolizoea. Fundo la turubai halina ncha ya kuvuta. Kadiri linavyovutwa ndivyo linavyokaza.

Tulipokaribia juu lori likaongeza mwendo. Mimi, niliyeshika kamba kwa mkono, nikaachia. Yeye akavuta, halikuja. Nilimwona akilikwaruza kwa kidole, kisha akainama akalitia meno. Hakupiga kelele. Aliniita mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba apokewe mzigo. Baiskeli ikalala, na lori likamburuta pamoja nayo. Mimi, macho yangu kwake, nilitumbukia kwenye mtaro wa kando ya barabara nikavunjika mguu, na mguu huo ndio ninaoburuta hadi leo.

Majina ya wenye hatia sitayataja, wenyewe wanajijua. Dereva alikuwa na vioo viwili, na watu kando ya barabara walimpigia kelele, hakusimama hadi alipofika juu. Taniboi wake, msaidizi wa lori, alikuwa ameketi juu ya mzigo anatutazama. Kazi yake ilikuwa kugonga bodi ili dereva asimame, akagonga alipokwisha kucheka. Kontrakta wa barabara aliuchimba mtaro ule akauacha wazi, hata mahali pa kuweka mguu hapakuwa. Mwenye lori alinijia hospitali na mfuko wa machungwa, akaniambia, "Marehemu alijifunga mwenyewe, sivyo?" Na askari aliyekuja naye alikuwa ameshaandika kabla sijafungua mdomo.

Wa mwisho ni mimi. Nilisema sikuona aliyefunga.

Neno hilo lilitoka hospitali likafika mtaani kabla yangu. Mwezi ule mtani wangu alikuwa ameachana na mkewe. Basi jirani yao, mwenye kinu cha kusaga mahindi, akaanza kuwaambia wateja kwamba mtu hajifungi kwenye lori bila sababu, kwamba huyo aliyataka mwenyewe. Nililisikia nikiwa kwenye magongo. Nilinyamaza miaka sita, na mnyororo ule ukinifuata kila jioni.

Mwaka jana mamake mtani wangu alinitumia mtu niende. Nilimkuta ameketi kitandani, msahafu mapajani umefungwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Akanieleza kwamba miaka yote alikuwa akimsomea mwanawe. Sasa mke wa yule mwenye kinu amemwambia asijisumbue, mtu aliyejiua hasomewi. Tangu siku hiyo kila akifungua msahafu, ulimi wamkataa.

"Nambia haki, mwanangu," akasema. "Alijifunga?"

"La, Mama. Nilimfunga mimi."

Nikamweleza yote, kiganja, njaa yangu, fundo. Nilipomaliza aliniuliza jambo moja tu, kama alijaribu kujifungua.

"Alijaribu, wallahi. Kwa mkono, na kwa meno."

Akafunika uso kwa leso, akasema alhamdulillah, tena, na tena. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa laana, na ningeipokea. Hilo la alhamdulillah sikujua niliweke wapi. Nikaanza kumwomba radhi, akaninyooshea kidole.

"Radhi usinitake leo. Nipe buibui langu pale mlangoni."

Tukatoka, yeye mbele, mimi na mguu wangu nyuma. Watu walitupisha. Kwenye kinu wanawake walikuwa wamepanga ndoo zao, na mwenye kinu alikuwa mweupe pepepe kwa unga hadi nyusi. Alipotuona wawili pamoja alijua, maana alirudi nyuma ya mashine kama mwenye kazi huko.

Mamake akasimama katikati ya ndoo. Hakumsalimu. Akanigeukia mimi.

"Sema, wote wasikie."

Nikasema, lakini mashine ilikuwa inanguruma na sauti yangu ikaliwa. Wanawake walitazama midomo yangu wasielewe. Bikizee akanyoosha mkono, akamwonyesha mwenye kinu azime. Alisita, kisha akazima. Ukanda ukazunguka polepole, ukasimama.

Nikaanza upya, tangu pale mtani wangu alipotaka tusukume nami nikakataa.