Kokulinda, mlinzi wa ufukweni anayedai kiatu chako cha kushoto

Saa tano kasoro asubuhi ya Jumapili, baba mmoja wa makamo aliyekuja mapumzikoni na familia yake kutoka Dodoma amesimama mbele ya meza ya mbao katika ufukwe wa Mawe Mapana, mbele kidogo ya Pasiansi jijini Mwanza. Hataki kuvua kiatu.

"Mama, mimi nimekuja kuogelea, sijaja msikitini," anasema, na watoto wake wanaangua kicheko.

"Msikitini unavua vyote viwili, baba. Mimi nataka kimoja tu, cha kushoto," anajibu mwanamke aliyeketi nyuma ya meza, mkono ameshaunyoosha. "Ukitoka majini unakuja mwenyewe, nakuona uso, nakupa kiatu chako. Hapo ugumu uko wapi?"

Baba anamgeukia mkewe kutafuta msaada. Mkewe ameshavua zamani. Basi anainama, anafungua kamba za raba yake nyeupe na kuiweka mezani kama mtu anayesalimisha silaha. Inafungwa kadi yenye namba 61 na kupangwa kwenye rafu, katikati ya kandambili ya bluu na kiatu cha kike chenye kisigino ambacho sijui mwenyewe alifikaje nacho mchangani.

Mwanamke huyo ni Kokulinda Projest, 44, mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Kagera. Huu ni mwaka wake wa kumi na moja akiwa mlinzi wa waogeleaji hapa. Wateja waliomzoea wanamwita Mama Kushoto.

Mwandishi wa makala haya hakuja kuogelea. Lakini alisogea majini hadi maji yakamfika kwenye vifundo, naye akavuliwa kiatu, na sehemu kubwa ya mahojiano haya aliifanya akichechemea.

"Maji hayajui kwamba wewe ni mwandishi," alielezwa alipojaribu kujitetea.

Utaratibu huu wa viatu nusura uzikwe Pasaka iliyopita, na kazi ya Kokulinda nayo ilikuwa inakwenda na maji. Lakini kwanza tuelewe kwa nini upo.

Zamani mgeni wa Mwanza alikuwa mtu wa kupita, anasubiri basi au meli ya kwenda kwao. Siku hizi watu wanakuja kupumzika hasa. Wanatoka Tabora, Shinyanga, Singida, wengine Dar es Salaam kwenyewe. Wanapanga nyumba ya wageni siku mbili tatu, wanakula sato wa kukaanga, wanapiga picha juu ya mawe, kisha wanaingia ziwani. Kwa Jumapili ya kawaida Mawe Mapana hupokea watu kama 400. Jumatatu ya Pasaka walifika karibu 900.

"Na wengi hawajui kuogelea," anasema Kokulinda. "Mtu katoka kwao hajawahi kuona maji mengi namna hii, anaingia kwa furaha. Anakanyaga mchanga, anakanyaga mchanga, halafu hakanyagi kitu. Na huyo hapigi kelele. Watu wanadhani anayezama anapiga kelele. Ananyamaza kabisa."

Katika miaka yake kumi na moja amewatoa majini watu 31 wakiwa hai, na hajapoteza hata mmoja. Kwa kazi hiyo analipwa Sh260,000 kwa mwezi. Ana filimbi, boya moja la kamba na macho ambayo hayatulii hata anapoongea nawe. Nilimuuliza maswali kwa saa nne na sidhani kama alinitazama usoni mara tatu.

Masharti yake ni mawili. Kiatu kinaachwa kabla ya kuingia majini, na anayekichukua ni mwenyewe. Hapo ndipo ugomvi huanzia.

"Mtu anakuja, 'nipe na cha mume wangu.' Sikupi. Mlete mwenye mguu. Anakasirika, ananiita majina, lakini anakwenda kumwita. Na mimi ndicho ninachotaka, amwite."

Wazo hilo lilimjia kwa uchungu. Miaka 28 iliyopita, akiwa binti wa miaka 16, alikwenda na vijana wa kanisa lao la Kilutheri kutembea ufukweni huko Kagera. Mdogo wake Leonsia, wa miaka 13, alikuwamo. Waliimba, wakala, wakacheza majini. Jioni walipopanda lori kurudi, nafasi ya Leonsia ilikuwa tupu.

"Viatu vyake vilikuwa juu ya jiwe tangu saa nane mchana," anasema. Kwa mara ya kwanza sauti yake inashuka. "Vyeusi, vya shule. Sote tuliviona. Mimi mwenyewe niliviona, nikavisogeza ili visilowe. Sikuuliza mwenye viatu yuko wapi."

Hakuingia ziwani kwa miaka minane. Alipoolewa na kuhamia Mwanza aliuza maandazi Mkuyuni, kisha akapata kazi ya kuosha vyombo jikoni hapa Mawe Mapana. Mzee Kahigwa, mvuvi aliyekuwa akiwaletea samaki, ndiye aliyemfundisha kuogelea asubuhi kabla wateja hawajafika. Kokulinda anakiri kwamba wiki ya kwanza alikuwa analia tu maji yakimfika kifuani. Mzee alimwacha alie, akimaliza wanaendelea.

Siku moja alitoka jikoni mbio, aproni mwilini, akamvuta mwanafunzi mmoja aliyekuwa ameshazama. Wiki iliyofuata akakabidhiwa filimbi, na siku hiyohiyo akaanza kudai viatu.

Januari mwaka huu ufukwe ulipata meneja mpya, Nestory Chenge, 35, aliyefanya kazi katika hoteli kadhaa za Arusha. Nestory ni kijana nadhifu, mwenye haraka, na nia yake ni njema. Anataka Mawe Mapana ifanane na sehemu ambazo watu hupanda ndege kuzifuata. Alipoona turubai lililojaa viatu vya mguu mmoja mlangoni pake, roho ilimuuma.

"Nilimwambia, dada Koku, hapa pamekuwa mnada wa mitumba," anasimulia. "Mgeni ametoka kuona wanyama Serengeti, anafika kwangu, kitu cha kwanza anavuliwa kiatu. Niliona ni aibu."

Akanunua mikanda ya plastiki ya kuvaa mkononi, rangi ya machungwa, inayotolewa getini. Akamweleza Kokulinda kwamba Pasaka itakuwa mwisho wa viatu. Baada ya hapo atahamishiwa getini kukata tiketi, na majini atatafutwa kijana mwenye cheti.

"Sikubisha sana, yeye ni bosi," anasema Kokulinda. "Nilimuuliza tu, mtu akizama na mkanda wake, nani atajua? Akasema nina mawazo ya kizamani."

Jumatatu ya Pasaka ikafika. Mikanda mikononi, na viatu kwa Mama Kushoto, kwa mara ya mwisho. Alasiri wingu zito lilitanda upande wa Sengerema na watu wakaanza kuondoka kwa makundi. Saa kumi na mbili jioni maji yalifungwa. Kwenye turubai kilibaki kiatu kimoja.

Kilikuwa cha ngozi ya kahawia, cha mwanamume, kisigino kimelika upande wa nje. Kilitangazwa kwenye spika mara tano na hakuna aliyejitokeza. Kokulinda alipuliza filimbi.

Muziki ukazimwa. Wanaume waliokuwa bado mezani wakila na kunywa waliombwa kuingia majini, wakashikana mikono kwa mstari na kutembea hatua kwa hatua, miguu ikipapasa chini. Wavuvi walileta mitumbwi na nyavu. Taarifa ikapelekwa polisi. Wageni walichukua watoto wao wakaondoka bila kuaga, wengine wakirekodi kwa simu. Giza lilipoingia hakikuwa kimepatikana kitu.

Nestory hafichi alivyojisikia. "Nilimlaumu sana. Nilimwambia umetutangazia msiba siku ya sikukuu kwa sababu ya kiatu. Nikaingia ofisini nikaandika barua ya kumwondoa kabisa, hata getini nisimweke. Nikaifungia kwenye droo."

Kulipokucha walianza upya. Safari hii Nestory naye alikunja suruali akaingia kwenye mstari, kwa sababu, anasema, hakupata usingizi. Kokulinda alikuwa mbali kidogo, kwenye mtumbwi, anaangalia kina cha nje.

Mnamo saa mbili na nusu alifika mzee mmoja mwembamba, amevaa kandambili na kushika mfuko wa plastiki. Aliuliza kulikoni. Akajibiwa kwamba kuna mtu kazama jana. Mzee akasikitika, akauweka mfuko wake chini, akapandisha suruali na kuingia majini. Akashika mkono wa mtu wa mwisho kwenye mstari, ambaye alikuwa Nestory.

Akatafuta nao kwa robo saa nzima.

Alipotoka kupumzika ndipo alipokiona kiatu juu ya meza. Walioshuhudia wanasema alikitazama muda mrefu. Kisha akafungua mfuko wake na kutoa cha kulia.

"Jamani," alisema, "hiki mbona changu?"

Mzee huyo ni Mwalimu Josephat Mayala, 62, mstaafu wa Sengerema. Alikuwa amefanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya maishani, kujipa likizo. Siku tatu peke yake, nyumba ya wageni Pasiansi, kitabu na samaki. Jumatatu jioni alipoliona wingu alihofia kukosa kivuko cha mwisho. Akavaa kandambili alizokuwa nazo, akakumba vitu vyake na kukimbia. Alifika kwake ndipo akagundua ana kiatu kimoja, na kwa kuwa ndicho anachokwendea kanisani, alivuka tena kwa kivuko cha kwanza kukifuata.

Kokulinda aliitwa, na mtumbwi ulipogusa mchanga aliruka na kumshika mzee mikono yote miwili, akaiminyaminya kama anayepima nyanya. Halafu akaanza kumfokea mbele ya watu.

"Hata shikamoo sikumpa, Mungu anisamehe," anasema huku anacheka na kujifuta macho. "Nilimwambia, mzee, wewe umekufa tangu jana jioni, leo unakuja na kandambili! Niligomba mpaka nikaishiwa pumzi. Yeye akawa analia."

Nilivuka kwenda kumuuliza Mwalimu Josephat alikuwa analia nini. Tulikaa sebuleni kwake, nyumba safi na kimya.

"Mke wangu amefariki miaka minne sasa," alisema. "Watoto wana maisha yao, siwalaumu. Mimi nikiingia hapa ndani au nisipoingia, hakuna anayejua. Halafu nakuta watu kumi na tisa wako majini tangu alfajiri wananitafuta. Hata jina langu hawalijui! Bwana mwandishi, wewe ungefanya nini?"

Sikuona aibu kuwa macho yangu yalilowa.

Nestory ndiye aliyenieleza kilichomgeuza. Hayakuwa machozi ya mzee. "Nilikuwa nimemshika mkono, ule mkono wenye mkanda wangu wa machungwa. Alikuwa amelala nao Sengerema. Nikajiuliza, kama kweli angekuwa ndani ya maji, huu mkanda ungeniambia nini? Usingeniambia kitu. Tungefunga, tungehesabu mauzo, tungekwenda kulala."

Siku hiyohiyo alitoa barua kwenye droo akaichana. Fundi alitengeneza rafu ili viatu visirundikane tena kwenye turubai, na kila kadi sasa inaandikwa namba ya simu, jambo ambalo Kokulinda anakubali lilitoka kwa bosi na ni la maana. Mshahara wake uliongezwa Sh60,000.

Lakini yeye aliomba kingine. Aliomba wasaidizi.

"Fikiria, miaka kumi na moja sijawahi kukosa Jumapili wala sikukuu. Nikiumwa nakuja, nakaa hapa na homa yangu. Kila mara nawaza, nikibaki nyumbani, kiatu kikibaki, nani atauliza?"

Kwa hiyo kila Jumatatu asubuhi, ufukwe ukiwa umefungwa, wahudumu wawili, Hellen na Dorcas, huingia majini na Kokulinda. Hellen bado anaogopa kuzamisha uso. Dorcas, 27, wiki mbili zilizopita alimvuta mwalimu wake kutoka kwenye maji marefu hadi ufukweni bila kupumzika, huku mwalimu akijifanya amezimia na kujilegeza makusudi ili awe mzito.

Kokulinda ameshamwambia Nestory kwamba Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao Dorcas ataketi mezani na filimbi itakuwa yake. Nestory amekubali. Nilimuuliza Kokulinda atafanya nini siku hiyo, yake ya kwanza ya mapumziko. Nilidhani atasema kulala, au kwenda kuwaona ndugu zake Kagera.

"Nitakuja hapahapa na wanangu," alisema. "Hawajawahi kuingia majini na mama yao, siku zote mimi niko zamu. Nitalipa kiingilio kama mgeni. Nitaogelea niende mpaka kule mbele nilale chali, macho nimefumba kabisa."

Alimfuata kwa macho mtoto mmoja aliyekuwa anasogea kwenye kina, mpaka baba yake alipomrudisha.

"Na nikichelewa kutoka," akasema, "Dorcas anitafute."