Aliyemfundisha Zulfa Kuvuka

Mimi nasema gemu ifundishe watu, tena ifundishe mpaka mwisho. Sipendi mchezo unaokushika mkono kukuonyesha namna ya kutembea, kana kwamba ulizaliwa jana, halafu ukifika penye mto unakuacha uzame. Ngome ilikuwa hivyo. Ni gemu ya mtandaoni, watu wanaingia kwa simu kutoka kila pembe, wanajenga kuta na kubomoleana. Kutembea, kupiga na kujenga unafundishwa. Kuvuka mto hufundishwi. Asiyejua anazama na kuanza upya, na wengi tulizama mpaka tukaona aibu.

Zulfa hakuwa akizama. Ni fundi cherehani hapa Msimbati, kibanda chake kimepakana na changu cha vocha. Ana maneno machache na mkono mwepesi. Gauni alilokukatia hulirudishi kupunguzwa. Tuligombana kuhusu Ngome kama wengine wanavyogombana kuhusu mpira. Yeye alishikilia kwamba jambo zito mtu hufundishwa na mtu. Alikuwa na sababu yake, nami niliijua.

Kaka yake Yassini alivuka mto Ruvuma pale Kilambo kwenda Msumbiji kuuza vitenge, na simu yake ikanyamaza. Hakuna aliyemwona hai, hakuna aliyeiona maiti. Mama yao alikataa kumsomea hitma, kwa sababu aliye hai hasomewi. Lakini mjomba wao Selemani alichoka kungoja, na kwa Wamakonde neno la mjomba halipuuzwi. Alisema marehemu asiyesomewa anakaa njiani, akapanga hitma iwe Ijumaa. Kama Zulfa ana ushahidi kwamba kaka yake yu hai, aulete kabla ya siku hiyo.

Ushahidi wa Zulfa ulikuwa ndani ya Ngome. Kulikuwa na uwanja wa wazi kando ya ule mto, ambako wachezaji walionyeshana mbinu wao kwa wao. Huko alimjia mchezaji mmoja aliyevaa kinyago cha mti, asiye na jina juu ya kichwa, ilhali sisi wote majina yetu yanaonekana. Hakuwahi kuandika neno. Aliingia majini, akasimama, akarudi, akaingia tena, mpaka Zulfa akaelewa pa kukanyaga. Nilikuwa nikichungulia begani kwake, na nasema wazi kwamba niliogopa. Muadhini wetu akianza kuadhini alasiri, yule mtu alisimama wima bila kutikisika mpaka adhana iishe. Ni adhana ya hapa hapa Msimbati, mlango wa tatu kutoka kwetu. Nilijiambia mtandao umekwama, lakini maji ya mto pembeni yake yalikuwa yakienda.

Nikamwuliza Zulfa, kama unaamini ni Yassini, mbona humwulizi?

“Dada Hawa,” akasema, “kwetu lipiko haulizwi ni nani.”

Lipiko ni yule mchezaji wa ngoma ya kinyago. Akitokea wanawake wanakimbia, ingawa kila mmoja anamtambua kaka yake kwa miguu tu. Anamtambua na ananyamaza, kwa sababu aliyekuja hapo si kaka tena, ni mmoja wa waliotangulia. Ukimtaja jina anaondoka, na harudi. Mimi ni mtu wa Mikindani, hayo nayasikia kwa watu. Nilimjibu kwamba hii ni simu, siyo ngoma, na nilimjibu kwa ukali kwa sababu mwenyewe nilikuwa nimeanza kuamini.

Wiki ile ile Ngome ikatangaza kwamba itaanza kufundisha mbinu zote, hata ngumu, na kwamba uwanja wa wazi utafungwa kwa kuwa hauhitajiki tena. Siku yenyewe ni Ijumaa ile ile ya hitma. Mimi nilipiga kigelegele. Zulfa aliweka mkasi chini, akasema sasa hana budi kuuliza.

Alhamisi baada ya chakula cha mchana, jua kali na njia tupu, mama yake alikuja akaketi kwenye benchi la wateja. Zulfa akafungua gemu. Yule mtu alikuwa amekwisha kufika, amesimama ukingoni, na safari hii hafundishi kitu. Zulfa akaandika: Kaka Yassini, ni wewe?

 Yule mtu aliingia mtoni, akavuka polepole, akasimama ng'ambo akitutazama. Ndipo maneno yakatokea juu ya kile kinyago, na Zulfa akayasoma kwa sauti kwa ajili ya mama yake.

“Mimi siye. Msomeeni.”

Hakuna aliyekuwa ameandika habari za hitma ndani ya gemu ile. Zulfa akaandika tena na tena, wewe ni nani, kaka yangu amelala wapi. Muadhini akaanza. Yule mtu akasimama wima kama kawaida, adhana ikaisha, naye akabaki vile vile mpaka simu ikaisha chaji.

Nilisema huenda ni mhuni wa hapa kijijini, maana Msimbati hakuna siri. Nilitamani sana awe mhuni. Nimeuliza kila anayecheza Ngome hapa, na zaidi ya Zulfa hakuna hata mmoja aliyekuwa anajua kuvuka.

Mama yake Zulfa hakuyataka hayo. Alijifuta uso kwa pindo la kanga.

“Basi mwanangu ameshatangulia,” akasema. “Na huyo mwenzake aliyeleta habari, naye ana wa kumsomea?”



Ijumaa asubuhi mafunzo yakafunguliwa. Ni mazuri, sitasema uongo: mishale inakuonyesha, sauti ya mwanamke inakuelekeza kwa adabu, na kwa somo moja nikavuka. Ng'ambo hapakuwa na mtu. Nikaweka simu mkobani, nikaenda kusaidia kuosha mchele wa hitma.

Hitma ilisomwa uani kwa Mjomba Selemani. Shehe alipouliza jina la kuombewa dua, mama alijibu mwenyewe kutoka mlangoni, mbele ya wanaume wote: Yassini bin Iddi, na mwenzake. Shehe akauliza mwenzake anaitwa nani. Hapo ndipo Zulfa alipoanza kulia.