Filamu ya Kitinda Mimba

Hospitali nzima ilimwita Bibi Alama, na mwenyewe aliitikia. Kila mwanafunzi aliyeingia chumba chake cha eksirei aliimbiwa wimbo ule ule: kabla hujausoma mfupa, tafuta kialama cha upande wa kulia, usije ukakatisha mguu mzima ukaacha mbovu. Alikuwa na ulimi wa upupu, lakini kazi aliijua.

Mashine mpya ilipofika, alikosa kichwa cha kujaribia. Akamwita mdogo wake, kitinda mimba. "Tulia kama maiti," alimwambia, na wote wawili wakacheka. Filamu ile aliitunza ya kufundishia. Ilionyesha vyema vijishimo vya hewa vilivyomo ndani ya paji la uso, ambavyo kila mtu ana vyake. Hata mapacha hawafanani. Vya mdogo wake vilikuwa kama upanga wa jogoo, upande mmoja umeinuka, wa pili umelala.

Sasa mdogo mtu alikuwa hajulikani alipo tangu msimu wa mvua. Mama yao hakuwa akitia komeo mlangoni, mwanawe asije akafika akakosa pa kuingilia.

Asubuhi hiyo mpelelezi akaja na boksi, akaliweka kwenye kitanda cha wagonjwa. Fuvu lilikuwa limeokotwa kwenye machimbo ya mawe, karibu na baiskeli ya mdogo wake. Taya la chini halikuwepo, na meno ya juu yalikuwa yamevunjika.

"Picha yake ya zamani unayo wewe, mama," alisema mpelelezi. "Ukiona uzito, tutatafuta mtu mwingine."

"Mwingine nani? Litoe."

Alililaza kwa pembe ile ile aliyomlazia mdogo wake. Viganja vyake vikawa vinatafuta joto, akaogopa. Akapiga picha, akabandika filamu mbili kwenye kisanduku cha taa. Kwenye mpya, upande ulioinuka ulikuwa kushoto. Kwenye ya zamani, kulia. Hakutaka kutazama zaidi ya hapo.

"Siyo yeye," alisema, na machozi yakamtoka. Hapo hapo akampigia mama yake, akamwambia.

Mama akacheka. "Nilijua mimi. Mwanangu yuko hai. Ngoja nikamwanikie godoro lake."

Mganga hajigangi. Bibi Alama alinyoosha mkono abandue filamu, ndipo akakiona kialama. Kwenye picha mpya kilikuwa upande huu, kwenye ya zamani upande ule. Ya zamani aliibandika kinyume, yeye mwenyewe, kwa mikono yake. Mpelelezi alikuwa anafunga boksi kwa kamba na hakujua lolote. Angenyamaza, nani angejua? Na mama alikuwa bado kwenye simu, akiuliza ule mto mzuri ameuweka wapi.

"Afande," alisema, "usifunge."

Akaigeuza filamu. Vijishimo vikalingana, kona kwa kona.

"Mama," akasema kwenye simu, "godoro liache ndani."