Treni Iliyozunguka Meza

Juzi mjukuu wangu alinunua rafu za kuunganisha, akazilaza sakafuni aichezee treni yake ya betri. Nikanusa tena kahawa na mafuta ya taa.

Baba yangu alikuwa seremala Nakuru. Alasiri moja nilimfuata kwa mzungu wa reli aliyetaka meza ya treni ya kuchezea ya mwanawe, ila hakutaka kununua mbao. Baba akatoa stoo kwake rafu mbili zilizonuka kahawa na mafuta ya taa, akaziunganisha, akazipigia miguu.

Miezi michache kabla, katika hali ya hatari ya wakoloni, mama, kwa kuwa alikuwa Mkikuyu, alipakiwa na wenzake kwenye treni wakapelekwa rizavu, maeneo waliyotengewa. Baba, Mluhya, akaachwa pamoja nami. Mama aliniambia dirishani, "Nitarudi na hii hii."

Treni ya mzungu ilizunguka meza ikinguruma, ikarudi pale pale. Nilifurahi: kumbe hurudi upesi hivyo! Madirishani mlikuwa mmechorwa vichwa vya watu. Nikainama, nikamnong'oneza baba, "Mama ni yupi?"

"Kasema nini mtoto?" mzungu akauliza.

Baba aliendelea kupiga msasa miguu ya meza.

"Anasema meza ni nzuri, bwana."